Kumbukumbu ya kazi ya mashine: Jinsi ya kuiitisha, kuisoma na kuihoji

MKULIMA wa Mitaboni, katika eneo bunge la Kathiani, Kaunti ya Machakos, anaweza leo kuomba mkopo wa mbegu na mbolea kwa simu na akajibiwa kabla hajatoka sokoni. Aghalabu jibu hilo halitoki kwa afisa wa mikopo bali kwa kompyuta iliyofunzwa kwa taarifa za wakopaji waliotangulia. Akinyimwa, huelezwa tu kwamba hajatimiza masharti.

Swali ambalo wakopaji wachache huuliza ni hili: kompyuta hiyo ilifunzwa lini, kwa data ya nani, na ilipimwaje kabla ya kukabidhiwa maamuzi?

Sehemu kubwa ya majibu huweza kupatikana katika maandishi. Kazi ya kufunza mashine inapofanyika katika kompyuta za kukodi, maelezo yake huwekwa katika kumbukumbu, na mwenye idhini anaweza kuyaitisha kwa amri moja. Makala haya yanaeleza kumbukumbu hiyo ni nini, huitishwaje, ina nini ndani yake, na ni mambo gani ambayo haiwezi kumwambia msomaji hata akiisoma mara kumi.

UJIFUNZAJI UNAOJIENDESHA

Katika programu za kawaida, binadamu huiandikia kompyuta kanuni nayo huzifuata. Katika ujifunzaji wa mashine, binadamu huipa kompyuta mifano mingi yenye majibu, nayo hutafuta kanuni inayounganisha mifano hiyo na majibu yake. Kanuni inayopatikana kwa njia hiyo ndiyo huitwa modeli.

Tuseme chama cha akiba na mikopo kina jedwali la mikopo 1,000 iliyotolewa miaka iliyopita. Kila mstari ni mkopo mmoja. Kila safu ni habari moja kuhusu mkopo huo: kiasi chake, mwezi uliotolewa, zao lililokusudiwa na mahali anapoishi mkopaji. Safu ya mwisho inasema kama mkopo ulilipwa kwa wakati au la. Hiyo ndiyo safu lengwa. Mashine inatakiwa ijifunze kuitabiri kutokana na zile nyingine.

Zamani kazi hiyo ilihitaji mtaalamu wa takwimu wa kuchagua mbinu, kusafisha data, kujaribu na kurudia kwa majuma kadhaa. Ujifunzaji unaojiendesha huiachia kompyuta yenyewe shughuli hizo. Huchunguza jedwali, huliandaa, huunda modeli nyingi zinazoshindana kama wagombea, huzipima, kisha hutangaza mshindi.

Kampuni ya Google ilitangaza huduma ya namna hii kwa jina la Cloud AutoML mnamo Januari 2018, ikianza na utambuzi wa picha. Amazon ilitoa SageMaker Autopilot mnamo Desemba 2019, ikilenga hasa data ya majedwali. Microsoft nayo ina huduma kama hiyo katika mfumo wake wa Azure.

Huduma hizi zote huendeshwa katika kile kinachoitwa wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazokodishwa kupitia intaneti na kulipiwa kwa kadiri zinavyotumika. Wingu hilo haliko angani. Liko katika majengo yenye kuta, walinzi na anwani. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Afrika Kusini mnamo Machi 2019, kikiwemo cha Johannesburg. Amazon ilifungua vyake mjini Cape Town mnamo Aprili 2020, na Google ikafuata Johannesburg mnamo Januari 2024. Data ya mkulima wa Machakos inayopelekwa huko hupitia nyaya za baharini kama SEACOM, iliyofika Mombasa mwaka wa 2009.

JINSI YA KUIITISHA

Kazi moja ya kufunza inaweza kuchukua dakika kadhaa au saa nyingi. Aliyeianzisha hasubiri mbele ya skrini. Huenda zake, kisha hurudi kuuliza imefika wapi. Ndiyo sababu kila mfumo una amri ya kuuliza.

Kwa Amazon, amri hiyo huitwa DescribeAutoMLJob. Toleo lake jipya, DescribeAutoMLJobV2, liliongezwa mwaka wa 2023 na hushughulikia pia picha, maandishi na utabiri wa mambo yanayobadilika kadiri siku zinavyopita. Amazon yenyewe huwashauri wateja wake watumie toleo hilo jipya.

Amri hii huhitaji kitu kimoja tu: jina la kazi. Jina hilo halizidi herufi 32 na hutolewa na aliyeianzisha kazi. Asiyelikumbuka hutumia kwanza amri ya ListAutoMLJobs, inayoorodhesha kazi zilizomo katika akaunti, kisha huchagua anayoitaka.

Mambo mawili huwakwamisha wengi. La kwanza ni idhini. Kuwa mfanyakazi wa shirika hakutoshi; ni lazima msimamizi wa akaunti awe amemruhusu mhusika kusoma kumbukumbu za aina hiyo. Asiyeruhusiwa hujibiwa kwamba amezuiwa, hata kama jina alilotaja ni sahihi.

La pili ni kanda. Kazi huandikwa katika kanda ilikofanyika. Anayeiulizia Cape Town ilhali ilifanyika Ireland huambiwa kwamba hakuna kitu kama hicho. Wapo wanaodhani basi kwamba kumbukumbu imefutwa, kumbe wamebisha hodi kwenye nyumba isiyo yake.

YALIYOMO NDANI

Jibu la amri hiyo ni orodha ya vipengele. Muhimu zaidi ni hivi vifuatavyo.

Anwani kamili ya kazi. Mbali na jina fupi, kila kazi ina anwani ndefu inayotaja kanda na nambari ya akaunti. Kwa mtu anayejali faragha, hiki ni kipengele cha thamani, kwa kuwa huonyesha kazi ilifanyiwa katika nchi gani na ni akaunti gani inayohusika.

Chanzo cha data. Kumbukumbu hutaja mahali data ilikotolewa na, kwa jedwali, safu iliyolengwa. Izingatiwe kwamba hutaja mahali tu. Haibebi data yenyewe. Mwenye data akiiondoa au akiibadilisha baadaye, kumbukumbu hubaki kama kibao cha barabarani kinachoelekeza kwenye soko lililohama.

Aina ya swali. Hapa huelezwa kama mashine iliulizwa swali la ndiyo au la, swali la kuchagua jibu moja kati ya mengi, au swali la kukadiria kiasi. Kama mkopo utalipwa ni swali la aina ya kwanza. Ni magunia mangapi yatavunwa ni la aina ya tatu.

Kipimo cha ushindi. Ni kwa kigezo gani mgombea mmoja alisemwa kuwa bora kuliko wengine? Asiyechagua kipimo huchaguliwa na mfumo. Kwa swali la ndiyo au la, Autopilot hutumia kipimo kiitwacho F1, kinachosawazisha mambo mawili: ni wangapi kati ya waliotajwa walistahili kutajwa, na ni wangapi kati ya waliostahili walitajwa.

Saa. Kumbukumbu huonyesha wakati kazi ilipoanza, ilipobadilishwa mara ya mwisho na ilipomalizika. Mara nyingi saa hizo ni za kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi inayoonekana kuanza saa kumi na mbili jioni ilianza saa tatu usiku kwa saa za Machakos.

Mgombea bora. Hapa hutajwa jina la modeli iliyoshinda, alama iliyopata na mahali faili zake zilipohifadhiwa. Huweza pia kuwapo ripoti inayoonyesha kila safu ilichangia kiasi gani katika maamuzi ya modeli. Hesabu ya ripoti hiyo ina asili yake katika kazi ya mwanahisabati Lloyd Shapley, aliyeonyesha mwaka wa 1953 jinsi ya kugawa faida ya kazi ya pamoja kwa kufuata mchango wa kila mshiriki. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2012.

Uwekaji kazini. Kumbukumbu huweza kuonyesha kwamba modeli iliwekwa moja kwa moja mahali pa kujibu maswali mara tu ilipokamilika. Mashirika madogo yasikipuuze kipengele hiki. Kufunza kunapokwisha, malipo yake hukoma. Lakini kompyuta iliyowekwa kungoja maswali kila saa huendelea kulipiwa hadi izimwe, hata kama hakuna anayeuliza.

HALI TANO ZA KAZI

Kipengele kinachotazamwa kuliko vyote ni hali ya kazi. Hali hizo ni tano: inaendelea, imekamilika, imeshindwa, inasimamishwa, au imesimamishwa.

Chini ya hali hiyo kuu kuna maelezo ya hatua, kama vile kuchambua data, kuandaa vigezo au kuboresha modeli. Humo ndimo msomaji makini hugundua jambo lisiloonekana juu. Maelezo hayo yanaweza kusema kwamba muda wa juu uliowekwa umefika, au kwamba idadi ya juu ya wagombea imetimia. Maana yake ni kwamba mashine iliacha kutafuta kwa sababu ilifikia kikomo ilichowekewa, si kwa sababu ilikuwa imepata kilicho bora kabisa.

Kazi ikishindwa, sababu huandikwa. Nyingi ni za kawaida: safu lengwa imeandikwa vibaya, mfumo hauna idhini ya kufungua data, au data ni chache mno. Autopilot hutaka jedwali lenye angalau mistari 500. Kikundi chenye wanachama 80 waliokopa mara moja moja hakiwezi kufikia kiwango hicho peke yake, na hapo ndipo hushawishika kuchanganya data yake na ya watu wa mbali.

YASIYOMO

Neno imekamilika huwapumbaza wengi. Linasema kwamba kompyuta ilifika mwisho wa hatua zake bila kukwama. Halisemi kwamba modeli inafaa, wala kwamba ni ya haki.

Wenyeji wa Machakos wanaielewa tofauti hiyo kuliko wanavyodhani. Kwa miongo mingi, vikundi vya mwethya vimechimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko ya Ukambani, mchimbaji akirusha udongo upande wa juu wa mtaro ili maji na rutuba visiteremke. Daftari la kikundi laweza kusema nani alifika na hatua ngapi zilichimbwa. Haliwezi kusema kama tuta litastahimili mvua. Hilo hujulikana kwa kwenda shambani baada ya mvua kunyesha.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Katika jedwali letu la mikopo 1,000, tuseme 970 ilitolewa kwa wakulima wa Trans Nzoia na 30 kwa wakulima wa Machakos. Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi Machi au Aprili na kuyavuna kati ya Oktoba na Desemba. Kwa Machakos, mvua inayotegemewa zaidi ni ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na mavuno yake huja Februari au Machi.

Modeli iliyofunzwa kwa jedwali hilo itajifunza kwamba mkopaji mwema hupata fedha mwishoni mwa mwaka. Mkulima wa Mitaboni, ambaye Desemba mahindi yake yangali mabichi shambani, ataonekana kuwa mzito wa kulipa. Si kwamba halipi. Kalenda yake ni nyingine.

Sasa tuitazame alama. Ikiwa modeli ilipatia mikopo yote 970 ya Trans Nzoia na kukosea yote 30 ya Machakos, usahihi wake ni asilimia 97. Kumbukumbu itaonyesha kazi imekamilika, mgombea bora amepatikana na alama ni ya kupendeza. Ilhali kwa kila mkopaji wa Machakos, modeli hiyo imekosea.

Hakuna uongo wowote ulioandikwa katika kumbukumbu hiyo. Kila tarakimu ni ya kweli. Kosa liko katika lile ambalo halikuulizwa: je, matokeo yalipimwa kando kwa kila eneo, au yalijumlishwa yote katika alama moja?

Ndiyo maana kusoma kumbukumbu ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Humwonyesha mchunguzi mahali data ilipo na kipimo kilichotumika. Kazi ya kwenda kulihesabu jedwali lenyewe, na kuona ni mistari mingapi inayotoka kwa watu watakaoamuliwa, ni ya binadamu.

SHERIA YA KENYA

Mikopo ya simu si jambo geni nchini. M-Shwari, iliyoanzishwa na Safaricom pamoja na benki ya Commercial Bank of Africa, ilizinduliwa mnamo Novemba 2012, na nyingine nyingi zikafuata. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya zilizochapishwa Machi 2022 ziliwataka wanaotoa mikopo ya kidijitali wapate leseni. Si kila mkopeshaji anayetumia ujifunzaji unaojiendesha, na wengine huweka maafisa wa kuhakiki maamuzi. Hata hivyo, mkopaji ana haki zake bila kujali mtambo uliotumika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo, ina kifungu cha 35 kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu ana haki ya kutowekwa chini ya uamuzi wa namna hiyo ikiwa unamwathiri kisheria au kwa kiasi kikubwa.

Haki hiyo ina mipaka. Haitumiki pale uamuzi unapohitajika ili kuingia katika mkataba au kuutekeleza, unaporuhusiwa na sheria, au mhusika anapokuwa ameridhia. Wakopeshaji huweza kutegemea mkataba au ridhaa, na ndiyo sababu inafaa mkopaji asome anachokubali kabla ya kubonyeza.

Lakini kifungu hicho hakiishii hapo. Kinamtaka anayefanya uamuzi mzito kwa mitambo pekee amjulishe mhusika kwa maandishi, mapema iwezekanavyo, kwamba uamuzi ulifanywa hivyo. Naye mhusika anaweza kuomba ufikiriwe upya, au ufanywe uamuzi mpya usiotegemea mitambo pekee. Sheria hiyo pia humpa haki ya kuona data inayomhusu iliyo mikononi mwa mwingine na kutaka irekebishwe ikiwa ina makosa, na inaweka masharti ya kupeleka data binafsi nje ya nchi.

Asiyeridhika anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Kamishna wa kwanza, Bi Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Lalamiko hutakiwa kuchunguzwa na kukamilishwa katika muda wa siku 90. Faini ya kiusimamizi yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia ya kampuni, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mnamo Septemba 2023, afisi hiyo ilitangaza faini ya Sh2,975,000 dhidi ya kampuni moja ya mikopo ya kidijitali. Kosa hilo lilihusu matumizi ya data ya watu, si modeli, lakini lilionyesha kwamba sheria hiyo ina meno.

MASWALI YA KUULIZA

Mkopaji wa kawaida hataweza kuitisha kumbukumbu mwenyewe, kwa kuwa akaunti ni ya mkopeshaji. Anachoweza ni kuuliza maswali ambayo mkopeshaji hawezi kuyajibu vyema bila kuitisha kumbukumbu hiyo:

1. Je, uamuzi huu ulifanywa na mtambo pekee, au kuna mtu aliyeupitia?

2. Modeli iliyotumika ilifunzwa lini, na mikopo iliyotumiwa kuifunza ni ya miaka gani?

3. Ni wakopaji wangapi wa kaunti hii waliokuwa katika data hiyo?

4. Modeli ilipimwa kwa kipimo gani, na ilipata alama gani kwa wakopaji wa hapa kando na wengine?

5. Ni habari zipi kunihusu zilizochangia zaidi uamuzi huu, na je, ni sahihi?

6. Data yangu ilipelekwa nchi gani?

Kwa vyama vya ushirika na vya mikopo vinavyofikiria kutumia huduma hizi, ushauri ni mmoja. Siku modeli inapoanza kuamua, kumbukumbu ya kazi iliyoizaa iitishwe, inakiliwe na iwekwe faili moja na nakala ya data iliyotumika, pamoja na jina la aliyeidhinisha. Data hiyo ilindwe kama sheria inavyotaka, na isiwekwe kwa muda unaozidi unaohitajika. Mwanachama akinyimwa mkopo na kuuliza sababu miezi sita baadaye, chama kisichoweza kuonyesha faili hiyo hakitakuwa na jibu la kumpa, wala la kumpa Kamishna.